Saa 2,340 za Kutazama Ndege: Bei ya Burudani Mpya Ukiwa na Miaka 45

Mtumishi wa umma mwenye miaka 45, awe Tanzania au Kenya, kwa kawaida amebakiwa na miaka 15 kabla ya kustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Akitenga saa 3 kila wiki kwa jambo analolipenda, atakusanya saa 156 kwa mwaka, na siku ya kukabidhi ofisi atakuwa na saa 2,340 mkononi. Mwenzake anayesema atatafuta cha kufanya akishastaafu ataanza siku hiyo hiyo na sifuri, na magoti yake yatakuwa na miaka 60.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niamini kwamba burudani ya umri wa kati inastahili kupangiwa bajeti kwa makini kama tunavyopangia ada za shule. Nimechagua kuipima moja, kutazama ndege, kwa kuwa inampokea hata mtu ambaye hajawahi kukimbia mita 100. Isitoshe, sisi wa Afrika Mashariki tumekalia hazina yake kubwa na tumewaachia wageni waifaidi.

Ukubwa wa hazina hiyo unapimika. Duniani kuna aina za ndege zipatazo 11,000. Tanzania imeandikisha zaidi ya 1,100, Kenya nayo imefika kiwango hicho hicho, yaani kila nchi ina takriban moja ya kumi ya ndege wote wa dunia. Uganda na Uingereza zinakaribiana sana kwa eneo, kila moja ikiwa na kilomita za mraba zipatazo 240,000. Orodha ya Uingereza ina aina zaidi kidogo ya 600, na ndani yake wamo ndege waliopotezwa na dhoruba wakaonekana mara moja au mbili tu. Uganda ina zaidi ya 1,000. Hata hivyo chama cha kulinda ndege cha Uingereza, RSPB, kina wanachama zaidi ya milioni 1. Marekani, utafiti wa serikali wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba watu milioni 96 wenye umri wa miaka 16 na kuendelea walitazama ndege mwaka huo, wengi wao wakiwa nyumbani kwao, na kwamba matumizi yao ya safari na vifaa yalizidi dola bilioni 100.

Kwa hiyo burudani hii inaweza kugharimu fedha nyingi kupindukia. Inaweza pia kugharimu kidogo sana. Jambo la kuelewa ni wapi bei inapopandia.

Tuanze na kifaa kimoja kinachomtisha anayeanza: darubini ya macho mawili. Za bei ya juu kabisa, zinazotengenezwa Austria, zinapita dola 3,000. Darubini nzuri ya kuanzia hupatikana kwa dola 100 hadi 200. Kwa kiwango cha takriban shilingi 2,500 za Tanzania kwa dola, hiyo ni shilingi 250,000 hadi 500,000. Kwa shilingi 130 za Kenya, ni 13,000 hadi 26,000. Kati ya bei hizo mbili kuna pengo la mara 15 au zaidi, na muuzaji yeyote atakuambia kwamba macho yako yanastahili kilicho bora. Hapa umri wa kati unakusaidia kuokoa fedha, kwa sababu za kimaumbile kabisa.

Kila darubini huandikwa namba mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza inasema kitu kinakuzwa mara ngapi: ndege aliye umbali wa mita 80 utamwona kana kwamba yuko mita 10. Ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwale wa mwanga unaotoka upande wa jicho lako: 42 kwa 8 ni milimita 5.25. Sasa, mboni ya kijana wa miaka 20 gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Ikifika miaka 50, kwa watu wengi haivuki 5 au inaizidi kidogo tu. Darubini ya 7x50, inayopendwa na mabaharia, hutoa mwale wa milimita 7.1. Mwenye miaka 50 akiinunua, sehemu ya mwanga aliyoilipia itaishia kwenye rangi ya jicho bila kuingia ndani, naye atabeba karibu kilo nzima shingoni bila faida.

Upande wa pili wa kosa ni darubini ndogo ya mfukoni, 10x25. Mwale wake ni milimita 2.5 tu. Mchana kweupe inatosha, lakini saa 12 asubuhi chini ya mwembe, muda ambao ndege wanaimba kwa nguvu zote, utaona vivuli. Kioo cha milimita 42 kinakusanya mwanga karibu mara 2.8 ya kile cha 25, kwa kuwa eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Pia kukuza mara 10 kunakuza na mtetemo wa mikono mara 10. Ndiyo maana nasema bila kusita: kwa mtu wa miaka 40 hadi 60, 8x42 ndiyo ya kununua, au 8x32 ikiwa shingo inasumbua, kwani ina mwale wa milimita 4 na ni nyepesi zaidi. Zile zinazouzwa mtandaoni na barabarani zikidai kukuza mara 60 au 100, ziache hapo hapo zilipo.

Anayevaa miwani aulize jambo moja zaidi dukani: jicho linaweza kukaa umbali gani kutoka kwenye kioo na bado likaona picha nzima. Milimita 15 ndicho kiwango cha chini. Zikizidi hapo ni bora. Miwani ya kusomea, ambayo wengi wetu huanza kuihitaji kati ya miaka 40 na 45, si kikwazo, kwa sababu upungufu huo ni wa karibu na ndege wako mbali. Usumbufu unakuja pale unapotaka kusoma kitabu. Kamba ya kuning'iniza miwani kifuani inaumaliza.

Masikio nayo yana hesabu yake. Mtoto husikia sauti hadi mitetemo 20,000 kwa sekunde. Mtu wa miaka 50 mara nyingi huishia karibu na 12,000. Nyimbo nyingi za ndege ziko kati ya 1,000 na 8,000. Maana yake, sehemu kubwa ya muziki huu bado ni yako, ila mlango unaendelea kujifunga polepole kutoka juu. Mwenye kujifunza sauti akiwa na miaka 45 anazihifadhi kichwani wakati bado anazisikia vizuri. Akisubiri miaka 65, kuna ndege wembamba wa sauti ambao watakuwa wanaimba mbele yake naye asiwasikie.

Sasa tuijumlishe gharama. Tuseme umenunua darubini ya shilingi 400,000 na kitabu cha ndege cha shilingi 100,000. Kitabu kinachotegemewa zaidi ni kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2002. Kinaeleza aina zaidi ya 1,300 za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, kwa Kiingereza. Programu ya simu ya kutambua ndege, Merlin, iliyotengenezwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, haina malipo. Unalipia bando la kuipakua tu. Ongeza nauli ya shilingi 2,000 kila wiki, yaani 104,000 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza utakuwa umetumia shilingi 604,000. Gawanya kwa saa 156: kila saa imekugharimu shilingi 3,872.

Sasa linganisha na mtu anayetumia shilingi 10,000 kila Jumamosi katika saa 3 za kukaa kijiweni na vinywaji. Kwake saa moja ni shilingi 3,333, bei nafuu kuliko yako. Lazima ukweli huu usemwe, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokata tamaa: mwaka wa kwanza wa burudani mpya ni ghali. Lakini mwenzako wa kijiweni atalipa bei hiyo hiyo mwaka wa pili, wa tatu na wa kumi. Wewe mwaka wa pili ukiisha, wastani wako umeshuka hadi shilingi 2,269 kwa saa. Mwaka wa tano ni 1,308. Ukifika siku ya kustaafu, miaka 15 baadaye, ni shilingi 880, na darubini iliyotunzwa bado inafanya kazi.

Hesabu hiyo inavurugwa na kitu kimoja: safari. Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi ni takriban kilomita 300. Kwenda na kurudi, gari linalotumia lita 10 kwa kilomita 100 litameza lita 60. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni 180,000, kabla ya kiingilio, chakula na mahali pa kulala. Mafuta peke yake ni sawa na nauli zako za wiki 90. Sisemi usiende Mikumi, nenda, ukiweza. Nasema usiifanye safari kuwa kipimo cha burudani yenyewe.

Anayetaka kuona mahali ambapo njia hiyo inaishia amsome Phoebe Snetsinger. Alikuwa mama wa nyumbani katika jimbo la Minnesota, Marekani. Mwaka 1965, akiwa na miaka 34 na watoto wanne, jirani alimwazima darubini akaona ndege mdogo mwenye koo la rangi ya moto, na tangu siku hiyo hakurudi nyuma. Mwaka 1981, akikaribia miaka 50, madaktari walimwambia ana saratani ya ngozi iliyosambaa na kwamba amebakiza muda mfupi wa kuishi. Aliishi miaka 18 zaidi, akizunguka mabara yote. Alipofariki kwa ajali ya gari nchini Madagaska, Novemba 1999, alikuwa ameona karibu aina 8,400, wakati huo hakuna binadamu aliyewahi kufikisha idadi hiyo. Habari yake husimuliwa kama ushindi wa moyo, na ni kweli. Ila safari zile zililipwa na urithi wa baba yake, Leo Burnett, mmoja wa wakubwa wa biashara ya matangazo Marekani. Aina 8,400 ni tiketi za ndege nyingi sana. Darubini ya kuazima, kwa upande wake, ilikuwa bure.

Kwa mtu wa mshahara, kipimo kinachofaa ni umbali wa kutembea kwa miguu. Asubuhi moja katika mtaa wa Dar, Tanga au Mombasa, mtu makini anaweza kukutana na kunguru, jurawa, tetere, mnana akifuma kiota, chozi akinyonya ua la mgomba, shore, yangeyange, mwewe, mbayuwayu, keremkerem kwenye waya wa umeme, mdiria, na dudumizi anayetangaza mvua kutoka kichakani. Huo ni mwanzo wa aina 12, na karibu zote unayajua majina yake tayari tangu utotoni. Ukijifunza aina mpya 2 kwa wiki, mwaka ukiisha umeongeza 104. Kuanzia hapo kasi itapungua, na ndipo utamu unapoongezeka, maana utaanza kuona tofauti ndani ya kile ulichokuwa unakiita kwa jina moja. Mnana ni ukoo mzima wa aina nyingi. Kunguru mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji: aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asafishe taka, akazaana hadi Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya likatangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni 1 kabla ya mwaka kuisha.

Kuna namba nyingine zinazobadilisha jinsi mtu anavyotazama angani. Mbayuwayu anayepita juu ya uwanja wa shule mwezi Novemba ana uzito wa gramu 20 hivi, na huenda amezaliwa Ulaya miezi michache iliyopita. Baadhi yao huendelea hadi Afrika Kusini, safari ya kilomita zipatazo 10,000. Kozi wa Amur, mwenye gramu 150 hivi, hutoka mashariki ya mbali ya Asia, hupumzika India, kisha huvuka Bahari ya Hindi kwa mruko mmoja wa kilomita zaidi ya 3,000 na kuingia kwetu na mvua za vuli. Pale mdomoni mwa mto karibu na Daraja la Salenda, Dar es Salaam, maji yakikupwa, magari yakiwa yamekwama kwenye foleni, kuna ndege weupe na weusi wenye midomo minene wanaokula kaa. Hao huzaliana kwenye mashimo ya mchanga katika pwani za Arabuni, Oman ikiwemo, kisha hushukia kwetu. Na kwelea kwelea, adui wa mkulima wa mtama na mpunga, ana gramu 20 hivi lakini hula hadi gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni 1 ni tani 10 za chakula kila siku. Ukijua hivyo, huwezi tena kuwatazama kama vumbi linalopita.

Faida kwa afya isitiliwe chumvi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Saa zako 3 ni dakika 180, ila mtazama ndege husimama sana, kwa hiyo usizihesabu zote. Kwa upande wa akili, watafiti wa King's College London walichapisha mwaka 2022 matokeo kutoka kwa watu 1,292 waliokuwa wakijaza hali yao kupitia simu. Kuona au kusikia ndege kulienda pamoja na hali bora ya moyo, na athari hiyo ilidumu kwa muda wa hadi saa 8, hata kwa wenye sonona. Utafiti huo haujafanywa Manzese wala Kibera. Lakini kwa mtu anayeingia ofisini saa 2 asubuhi, saa 8 ni siku nzima ya kazi.

Gharama ambayo haimo kwenye jedwali lolote ni macho ya watu. Mtu mzima akisimama peke yake chini ya mti na darubini, mtaa utauliza. Akiulizia bundi, wengine watamshuku ushirikina, kwa sababu bundi kwetu bado ana jina baya. Karibu na kambi ya jeshi, bandari au daraja kubwa, darubini inaweza kukuletea matatizo ya kweli, na askari atakuwa anafanya kazi yake. Mwanamke anayetembea alfajiri peke yake ana hatari zaidi ya hizo. Dawa ni ile ile kwa yote: muwe wengi, mumjulishe mwenyekiti wa mtaa au nyumba kumi, na wapeni watoto wa pale darubini watazame. Dakika 5 za kumwazima mtoto darubini hununua amani ya miezi.

Nairobi wamelifahamu hili zamani. Chama cha Nature Kenya, ambacho mizizi yake ni jumuiya ya wanasayansi wa viumbe iliyoanzishwa mwaka 1909, kina matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi kutoka Makumbusho ya Taifa. Yalianza mwaka 1971 chini ya Fleur Ng'weno. Wiki 52 kwa zaidi ya miaka 50 ni matembezi yanayozidi 2,600, na watu wanaoanza na wale wenye miaka 30 ya uzoefu hutembea pamoja. Hiki ndicho kitu ambacho Tanzania tunakihitaji zaidi ya darubini: asubuhi moja ya wiki, mahali panapojulikana, bila mwaliko. Mwalimu mmoja wa shule ya kata mwenye kitabu kimoja anaweza kuianzisha.

Wala tusidhani kila kitu kimeshaonekana. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliokuwa milima ya Udzungwa waliona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya kitoweo kambini. Ilikuwa ya kwale ambaye sayansi haikumjua; alitangazwa rasmi kuwa aina mpya mwaka 1994. Wenyeji walikuwa wakimla miaka yote. Kisiwa cha Pemba, chini ya kilomita za mraba 1,000, kina aina 4 za ndege wasiopatikana popote pengine duniani, mmoja wao bundi mdogo. Mtandao wa eBird, ulioanzishwa mwaka 2002 ili watazamaji wa kawaida waandikishe wanachokiona, ulivuka rekodi bilioni 1 mwaka 2021, na yeyote mwenye simu anaweza kuchangia. Mwalimu wa Wete au muuguzi wa Kilosa anayeandika orodha yake kila Jumamosi kwa miaka 15 atakuwa na kumbukumbu za eneo lake ambazo hakuna mtalii wa siku tatu anayeweza kuzipata.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa aliyefika miaka 40 na kitu ni huu. Miezi mitatu ya kwanza usinunue chochote. Tumia daftari na macho, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4, umbali wa kutembea kutoka nyumbani. Ukiona Jumamosi tatu mfululizo umeamka bila kusukumwa, nunua 8x42 isiyozidi dola 200, halafu usitazame bei ya nyingine kwa miaka mitano. Ndege wageni kutoka kaskazini huanza kuingia Septemba na wengi huondoka kufikia mwisho wa Aprili. Wenyeji wapo mwaka mzima.